Coldplay na Jukwaa la Piramidi: Je, Warudi Mara ya Sita?

Usiku wa Jumamosi, tarehe 29 Juni 2024, bendi ya Coldplay ilifunga Jukwaa la Piramidi katika tamasha la Glastonbury, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ilikuwa mara yao ya tano, baada ya 2002, 2005, 2011 na 2016. Hakuna bendi wala mwimbaji mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo. The Cure, wanaowafuatia, wamefunga mara nne. Tangu hapo wapenzi wa muziki wamekuwa wakivutana: wapewe tena, au sasa wawapishe wenzao?

Kufunga jukwaa maana yake ni kupanda wa mwisho, saa nne kasorobo usiku au karibu na hapo, giza la kiangazi linapoanza kushika. Anayefunga Piramidi jina lake huandikwa juu kabisa ya orodha ya wasanii, na ndiye anayezungumzwa kesho yake. Majukwaa ya tamasha ni mengi mno kuhesabika kwa vidole, lakini Piramidi ni moja, na siku zake kuu ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo nafasi ni tatu kwa mwaka, basi.

Tena si kila mwaka. Glastonbury hufanyika katika shamba la Worthy, kijiji cha Pilton, mkoani Somerset. Mwenye shamba, Michael Eavis, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliandaa tamasha la kwanza tarehe 19 Septemba 1970, siku moja tu baada ya Jimi Hendrix kufariki. Kiingilio kilikuwa paundi moja na maziwa yalikuwa bure. Walifika watu kama 1,500. Leo hufika zaidi ya laki mbili, na bintiye Emily ndiye anayeshika usukani wa maandalizi. Ardhi iliyokanyagwa na umati wa namna hiyo huhitaji kupona, ndiyo maana kila baada ya miaka michache shamba hupumzishwa. Hakukuwa na tamasha 2006, 2012 wala 2018, na Uviko ukaondoa 2020 na 2021. Kuanzia 2002 hadi 2024 tamasha limefanyika mara 18, yaani usiku 54 wa kufunga Piramidi. Coldplay wamechukua tano kati ya hizo, karibu moja katika kila kumi na moja. Hesabu hiyo ndiyo inayowauma wapingaji.

Mtetezi wa Coldplay hana haja na hesabu. Yeye huanza na bangili. Mlangoni na uwanjani kila mtu hupewa bangili yenye taa ndogo ndani, ambayo mafundi wa bendi huiwasha na kuizima kwa mitambo yao. Mtu aliyesimama mbali kabisa, kule juu kwenye mteremko ambako wanamuziki huonekana kama njiti za kiberiti, mkono wake unawaka rangi ileile na wa aliyeegemea uzio wa mbele. Bonde zima linageuka njano, kisha jekundu, kisha linazima. Hoja ya mtetezi ni kwamba kazi ya usiku huo ni kuwafanya watu wasiojuana wajione wamoja kwa saa mbili, na wanaoiweza kazi hiyo duniani ni wachache. Muziki mzuri unapatikana katika kila kona ya shamba. Kiitikio kinachojulikana na babu, mama na mtoto wa miaka kumi ni shida kupatikana.

Tena, huongeza mtetezi, hawa hawaji na shoo moja kila mara. Mwaka 2005 Kylie Minogue, aliyekuwa afunge Jumapili, aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti akalazimika kujitoa. Coldplay, waliofunga Jumamosi, wakauimba wimbo wake kumpa pole. Mwaka 2011 walipanda na nyimbo za albamu ambayo haikutoka hadi Oktoba. Mwaka 2016 walifunga Jumapili ya tope zito, siku tatu baada ya kura iliyoitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, nchi ikiwa imegawanyika hadi ndani ya familia. Mwaka 2024 waliwaita jukwaani Femi Kuti kutoka Nigeria na Little Simz wa London, na mwigizaji Michael J. Fox, anayeishi na ugonjwa wa Parkinson kwa zaidi ya miaka thelathini, akapiga nao gitaa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliyewahi kumwona mtu mwenye maradhi hayo akijaribu kushika kikombe anajua ni juhudi kiasi gani kubonyeza nyuzi za gitaa mbele ya uwanja uliofurika. Kwa mtetezi, bendi inayoweza kuutengeneza usiku wa namna hiyo haihitaji kuulizwa imekuja mara ngapi.

Mpingaji mwenye busara hakanushi hata moja kati ya hayo. Kosa la wapingaji wengi ni kuanza kwa kuwakejeli Coldplay, kwamba nyimbo zao ni laini, kwamba ni muziki wa kusikilizwa garini. Maneno hayo hayafiki popote, kwa sababu umati ulioimba nao unayajibu wenyewe. Mpingaji anayestahili kusikilizwa anauliza swali jingine: tamasha linanufaika nini na jina ambalo tayari ni kubwa?

Jibu la kwanza linalotolewa ni tiketi, nalo ndilo dhaifu kuliko yote. Tiketi za 2024 zilikuwa paundi 355, na paundi 5 za ada juu yake. Ziliuzwa Novemba 2023 zikaisha ndani ya saa moja. Majina ya wanaofunga yalitangazwa Machi 2024. Watu walilipa miezi minne mapema bila kujua watamkuta nani juu ya Piramidi. Chema chajiuza: kinachonunuliwa ni Glastonbury yenyewe, mahema yake, tope lake, marafiki wanaokutana pale mwaka hadi mwaka. Matamasha mengine ya Ulaya huuza tiketi kwa mabango ya majina. Lisipopatikana jina, viti vinabaki vitupu na mwandaaji anafilisika. Mwandaaji wa namna hiyo akimwita mkongwe yuleyule kila mara hakuna haja ya kumlaumu, kwani ana mishahara ya kulipa. Glastonbury haina kisingizio hicho. Ni tamasha linaloweza kumweka juu msanii ambaye bado hajathibitishwa, na Jumapili jioni likajikuta halijapoteza hata tiketi moja.

Na mfano bora wa kubahatisha kwa namna hiyo, husema mpingaji, ni Coldplay wenyewe. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala mzima, na inastahili kutazamwa kwa karibu.

Vijana wanne waliokutana chuoni London, Chris Martin, Jonny Buckland, Guy Berryman na Will Champion, walicheza Glastonbury 1999 katika hema la bendi mpya. Mwaka 2000, kiangazi ambacho albamu yao ya kwanza, Parachutes, ilitoka, walicheza Jukwaa la Pili, ambalo wenyewe huliita Other Stage. Mwaka 2001 tamasha halikufanyika, kwa sababu mwaka uliotangulia watu waliruka uzio kwa maelfu mengi kiasi kwamba usalama ulikuwa mashakani. Tamasha liliporudi 2002 lilikuwa limezungushiwa ukuta mpya wa chuma, na wengi waliogopa kwamba roho ya pale ingebaki nje pamoja na walioizoea bure. Katika mwaka huo wa wasiwasi, Ijumaa tarehe 28 Juni, nafasi ya kufunga Piramidi ilipewa bendi yenye albamu moja tu madukani. Ya pili, A Rush of Blood to the Head, ilikuwa haijatoka. Ilisubiri hadi Agosti. Sehemu kubwa ya umati ilikuwa inazisikia baadhi ya nyimbo hizo kwa mara ya kwanza. Miezi michache baadaye dunia nzima ilikuwa inaziimba.

Hapo ndipo mpingaji anaposimama na kuuliza: mwaka 2002 angekuwapo mtu wa kusema tumpe mkongwe aliyefunga mara nne, kwa kuwa umati unamjua, Coldplay wangetoka wapi? Nafasi waliyoipata ilikuwa mkopo wa imani. Tamasha liliwaamini kabla ya ushahidi. Kuwapa mara ya tano, na sasa mara ya sita, ni kuwalipa waliokwisha kulipwa, wakati kuna bendi ya albamu moja inayosubiri mkopo uleule.

Mtetezi anapobanwa hapo hukimbilia Jumapili ya tarehe 30 Juni 2024. Usiku huo alifunga SZA wa Marekani, mwenye albamu mbili, mmoja wa waimbaji wakubwa wa kizazi chake. Umati ulikuwa mwembamba. Nyasi zilionekana mahali ambapo jana yake hapakuwa na pa kuweka mguu. Mtetezi husema: haya ndiyo matokeo ya kubahatisha, na msanii mwenyewe ndiye anayeaibika.

Hoja ina uzito, lakini inahukumu kwa idadi ya vichwa peke yake. Jay-Z alipotangazwa 2008 tiketi zilikwenda polepole, na Noel Gallagher wa Oasis akasema waziwazi kwamba hip hop haina nafasi pale. Jay-Z alipanda akaanza kwa kupiga wimbo wa Oasis, gitaa likining'inia shingoni, na mabishano yakaishia hapo. Mwaka 2019 alifunga Stormzy, kijana wa London mwenye miaka 25, mweusi wa kwanza wa Uingereza kufunga Piramidi kama mwimbaji wa peke yake. Alikuwa na albamu moja tu, kama Coldplay 2002. Alivaa fulana ya kukinga visu iliyochorwa bendera ya Uingereza, kazi ya msanii Banksy, katika miaka ambayo vijana wa mitaa aliyotoka walikuwa wakizikwa kwa majeraha ya visu. Usiku ule Piramidi ilisema jambo ambalo hakuna bendi kongwe ingeweza kulisema. Billie Eilish alikuwa na miaka 20 alipofunga 2022, wa peke yake mwenye umri mdogo kuliko wote hadi hapo. Keshoye akafunga Paul McCartney, aliyekuwa ametimiza miaka 80 wiki iliyotangulia. Hakuna aliyelalamika kwamba mwaka ule ulikosa cha kukumbukwa.

Mtetezi anayo hoja nyingine, ambayo watu wa majukwaani huielewa zaidi kuliko mashabiki: usalama. Watu laki mbili shambani lazima wawe mahali fulani. Ijumaa ya 2024, kundi la Sugababes liliwekwa West Holts, jukwaa la kati, na watu wakamiminika hadi njia za kuingilia zikafungwa. Jumapili hali ikakaribia kuwa hiyo hiyo kwa Avril Lavigne kwenye Jukwaa la Pili. Jina kubwa kwenye Piramidi, ambako uwanja ni mpana na mteremko unasaidia, huvuta umati kutoka kwenye vichochoro na kuuweka mahali unapotoshea. Anayebeza hoja hii hajawahi kusukumwa katika kundi la watu wasiojua mbele kuna nini. Hata hivyo inathibitisha tu kwamba mwenye umati mkubwa aende kwenye uwanja mkubwa. Haisemi lazima awe Coldplay.

Sauti ya tatu ni ya mkongwe wa mahema, yule anayefunga safari ya Pilton tangu kabla ya ukuta na gambuti zake zinakaa tayari nyuma ya mlango. Yeye hushangaa kelele zote hizi. Asiyewataka Coldplay, husema, ageuke nyuma: saa ileile ya Jumamosi ya 2024 Disclosure walikuwa Jukwaa la Pili na Jessie Ware alikuwa West Holts. Kwake Piramidi ni jukwaa moja kati ya mengi, na usiku mzuri wa Glastonbury haupangwi kwenye ratiba. Unamkuta mtu njiani akitafuta choo, anasikia ngoma ndani ya hema asilolijua, anaingia.

Kwa aliyeko shambani, huo ni ukweli mtupu. Lakini wengi wanaoliona tamasha hawako shambani. BBC hurusha Piramidi mubashara kwa mamilioni ya nyumba, na msichana aliyekaa sebuleni kwao hawezi kugeuka nyuma akaingia hema jingine. Anachokiona juu ndicho anachoelewa kuwa kilele cha kazi ya muziki. Ndiyo maana mwaka 2023, nafasi zote tatu zilipokwenda kwa wanaume, Arctic Monkeys, Guns N' Roses na Elton John, malalamiko yalikuwa makubwa ingawa Elton John alitoa shoo ambayo Waingereza hawataisahau. Mwaka uliofuata kwa mara ya kwanza wanawake wawili, Dua Lipa na SZA, walifunga Piramidi katika tamasha moja. Coldplay walikaa katikati yao.

Mpangilio huo wa 2024 ndio unaofanya mara ya tano iwe na utetezi wa haki. Waandaaji walikuwa wamejiwekea mizigo miwili ya hatari: Ijumaa mwimbaji ambaye hakuwahi kusimama Piramidi, Jumapili mwingine ambaye Waingereza wengi walikuwa hawajamwona kwa macho. Kuweka nguzo katikati yao ni busara ya kawaida, kama mjenzi anavyoweka boriti nzito pale ambapo paa linapanuka. Anayedai kwamba Coldplay walipora nafasi ya kijana mwaka huo hajautazama mwaka mzima. Ametazama Jumamosi tu.

Mara ya sita ni habari nyingine, na hapa hesabu ya miaka inarudi. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita miaka mitatu. Kisha sita, kisha mitano, kisha minane. Wakongwe wengine walioitwa mara nyingi wamepewa pengo la kutosha: Radiohead walifunga 1997, 2003 na 2017, The Cure walipofunga 2019 ilikuwa imepita miaka 24 tangu walipofunga 1995, na wengi waliosimama mbele yao hawakuwa wamezaliwa. Pengo hilo hubadilisha maana ya kurudi. Umati mpya unakutana na bendi, na bendi inakutana na nyimbo zake kwa umri mwingine. Mwaka 2026 shamba linapumzika, hivyo tamasha linalofuata ni la 2027. Coldplay wakirudi mwaka huo, kati ya mara ya tano na ya sita litakuwa limepita tamasha moja tu, lile la 2025, walipofunga The 1975, Neil Young na Olivia Rodrigo. Kwa kipimo chochote cha haki hiyo ni mapema mno, hata kwa anayezipenda nyimbo zao kwa moyo wote.

Baadhi ya watetezi husema basi wawekwe kama akiba, wa kuitwa dharura ikitokea. Historia ya dharura za Piramidi inaelekeza kwingine. Mwaka 1995 mpiga gitaa wa Stone Roses alivunjika mtulinga, wakaitwa Pulp, ambao walikuwa wamehangaika tangu miaka ya sabini mwishoni bila kutambuliwa. Usiku ule uliwafanya kuwa bendi ya taifa. Mwaka 2005 nafasi ya Kylie walipewa Basement Jaxx. Mwaka 2015 Dave Grohl wa Foo Fighters alivunjika mguu, Florence and the Machine wakapandishwa daraja kutoka nafasi ya chini yao na kufunga. Mara zote hizo pengo lilijazwa na mtu aliyekuwa na njaa ya kujithibitisha, na umati ukanufaika na njaa hiyo.

Njia ya kufika huko juu nayo imekuwa ndefu. Coldplay walitoka hema la bendi mpya hadi kilele cha Piramidi kwa miaka mitatu. Dua Lipa alicheza kwenye hema la John Peel 2017 na akafunga Piramidi 2024: miaka saba, na katikati yake miwili ya Uviko. Bendi zinazotoka vyuoni leo zinalipa kodi ya nyumba kubwa zaidi na kuuza albamu chache zaidi, na vilabu vidogo walivyojifunzia wakubwa wao vinafungwa. Kwa bendi kama hizo, usiku mmoja juu ya Piramidi una thamani ambayo Coldplay, wanaojaza viwanja vya mpira popote waendapo, hawawezi tena kuipata pale.

Coldplay wenyewe wanaonekana kulijua hilo. Februari 2016 vijana wanne wa bendi ya Viola Beach, kutoka Warrington, pamoja na meneja wao, walifariki nchini Sweden gari lao lilipotumbukia kutoka darajani. Hawakuwa wametoa hata albamu moja. Juni mwaka huo, katikati ya shoo yao, Coldplay walisimama, Chris Martin akaueleza umati kwamba wangewapa vijana hao wimbo mmoja wa kufunga Glastonbury, kama ambavyo huenda siku moja wangefunga wenyewe. Sura zao zikatokea kwenye skrini kubwa, sauti zao zikasikika, na bendi kubwa ikawapigia vyombo. Kwa muda wa wimbo mmoja, waliofunga Piramidi usiku ule walikuwa Viola Beach.